Loji za msitu wa Shimba kwa familia ya Mombasa: usiku mmoja hautoshi

Loji za msituni Shimba zinastahili pesa yake kwa familia ya Mombasa, kwa sharti moja: mlale usiku mbili. Wengi hulala mmoja, hurudi wamechoka, kisha husema Shimba hakuna kitu. Msitu hauna kosa hapo. Ratiba ya usiku mmoja hujifunga yenyewe, na ukiiandika kwenye karatasi utaliona tatizo kabla hujalipa hata senti.

Tuseme familia inatoka kisiwani saa tatu asubuhi. Feri ya Likoni ikiwa na foleni, saa nzima yaweza kuishia pale. Mnafika Kwale saa tano au karibu na sita, na chumba hakifunguliwi mpaka saa nane mchana, kwa kuwa ndio utaratibu wa loji nyingi. Matembezi ya kwenda maporomoko ya Sheldrick huongozwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kwa kawaida hutoka saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ya saa nne mmeshayakosa. Ya saa nane yanagongana na chumba, chakula na mtoto aliyeshikwa na usingizi. Kesho yake, ya saa nne yanagongana na kurudisha ufunguo, maana huo ndio wakati wa kutoa vyumba. Basi maporomoko, ambayo watoto huyataja hata mwaka ukipita, ndiyo yanayoachwa. Ukiongeza usiku wa pili, siku ya katikati inabaki huru kuanzia alfajiri hadi magharibi.

Anayekwenda akitarajia mbuga kubwa kama Tsavo atavunjika moyo, hata akikaa wiki. Shimba ni msitu wa pwani uliochanganyika na mbuga za nyasi, juu ya vilima vinavyopita mita 400 kutoka usawa wa bahari, kilomita kama 33 kusini magharibi mwa Mombasa. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, na mwaka 1968 sehemu yake kubwa ikawa hifadhi ya taifa. Upepo wa bahari ukipanda vilima hivyo hupoa na kuacha ukungu na manyunyu. Ndiyo sababu mtoto wa Mombasa aliyezoea joto hutetemeka asubuhi akiwa na fulana tu. Chukueni sweta moja kwa kila mtu, hata mwezi wa Februari. Mvua na ukungu huo ndio unaolisha chemchemi za Marere, ambazo maji yake yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa mabomba tangu zama za ukoloni. Hilo waelezeni watoto kabla ya kufika. Mtoto anayejua kwamba maji ya bomba la mjini huenda yalianzia kwenye majani haya, huutazama msitu kwa jicho jingine.

Simba msiwaahidi. Waahidini ndovu, nyati, mbega weusi wenye mabega meupe, komba wanaolia usiku kama mtoto mchanga, hondohondo, vipepeo, na zaidi ya wote palahala, aina ya swala. Palahala wa Kenya wamebaki hapa peke yake. Dume ni mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimejikunja kwenda nyuma. Majike na wadogo ni wa rangi ya hudhurungi, kwa hivyo watoto wengi huwapita wakidhani ni swala wengine tu. Wanaonekana kwenye nyasi, si ndani ya miti: zungukeni upande wa Giriama Point na ukingo wa msitu wa Longomwagandi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, au tena kuanzia saa kumi jioni. Jua likiwa kali huingia kivulini wasionekane. Kwa darubini ya mtoto, chukua ya 8x32. Ni nyepesi na picha haitetemeki. Ya 10x50 ni nzito, na mkono wa mtoto wa miaka minane hauwezi kuituliza.

Sasa loji zenyewe. Ziko za ndani ya hifadhi na ziko za nje, kandokando ya uzio wake na kuelekea mji wa Kwale. Tofauti ya kwanza ni pesa. Tiketi ya KWS huhesabiwa kwa saa 24 na ni ya kuingia mara moja, na bei ya loji kwa kawaida haiijumuishi. Ukilala ndani usiku mbili, kila mtu analipiwa siku mbili, na mkichelewa kutoka mnaweza kuangukia ya tatu. Ukilala nje, mnalipa tiketi ya siku ya katikati tu: mnaingia geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mnatoka kabla halijafungwa saa kumi na mbili jioni, na chakula cha mchana mnakibeba ili msilazimike kutoka na kuingia tena. Kwa familia ya watu watano tofauti hiyo inatosha kulipia mafuta ya gari na chakula cha njiani.

Lakini cha ndani hakiuzwi nje. Usiku kwenye loji ya mbao iliyojengwa katikati ya miti, karibu na dimbwi la wanyama, una kelele zake: vyura, komba, tawi linalovunjwa na ndovu asiyeonekana. Kwenye vidimbwi vya Shimba yupo hata chura mdogo ambaye hajulikani kuishi kwingine duniani. Maoni yetu ni haya: watoto wote wakiwa wametimiza miaka saba, laleni ndani, hata ikibidi kupunguza mambo mengine. Akiwepo wa chini ya miaka mitano, laleni nje. Loji za dimbwini zinategemea ukimya, sakafu ya mbao hupeleka kila hatua hadi chumba cha tatu, na mzazi anayemnyamazisha mtoto usiku kucha hafaidi chochote, wala jirani yake. Baadhi ya loji za aina hii zina umri wa chini wa kupokea watoto. Ulizeni kwa simu kabla ya kulipa, msingoje kuambiwa mapokezi.

Neno "rafiki wa mazingira" limebandikwa kwenye milango mingi, na mengine ni rangi tu. Loji inayolimaanisha inaweza kujibu maswali manne bila kubabaika: taka zenu zinaishia wapi, mnapikia nini, jenereta inanguruma saa ngapi, na wafanyakazi wangapi ni wa vijiji vya hapa Kwale. La mwisho ndilo zito kuliko yote. Watu wa pembeni mwa Shimba wamepoteza mahindi na mihogo kwa ndovu miaka mingi. Mwaka 2005 KWS ilifikia hatua ya kuhamishia ndovu wengi Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi uwezo wa msitu. Jirani asiyepata chochote kutoka kwa wageni hana sababu ya kuutaka msitu huo. Kaskazini ya hifadhi, Mwaluganje, wenye mashamba waliyaacha kuwa mapito ya ndovu na hugawana mapato ya utalii. Pale hata kinyesi cha ndovu hutengenezwa karatasi ya kuuza. Mkiwa na nusu siku, pitieni mnunue.

Umeme wa jua unataka mpango. Betri hujazwa mchana na kutumika usiku, na wageni wote wakichaji simu pamoja saa tatu usiku, taa hufifia kabla ya alfajiri. Chajini mchana, jua likiwa juu, na mje na chaja ya akiba yenye ujazo wa 20,000 mAh. Inatosha simu mbili kwa usiku mbili. Vikausha nywele, pasi na birika za umeme ziacheni nyumbani, kwani kimoja tu chaweza kuzima nyumba nzima. Kila mtoto awe na tochi yake mwenyewe, ya kuvaa kichwani ikiwezekana, ili mikono ibaki huru kushika reli. Maji ya moto yanayotoka kwenye tangi la jua huwa na moto zaidi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Watoto waoge wakati huo. Asubuhi, baada ya usiku wa ukungu, yatakuwa baridi, na hilo si hitilafu ya kulalamikia.

Kuna mambo matatu ya kukagua mkifungua chumba, kabla mizigo haijashushwa. Reli ya baraza: nafasi kati ya nguzo moja na nyingine isizidi sentimita 10, kwani kichwa cha mtoto mdogo hupita penye nafasi kubwa kuliko hiyo. Ikizidi, ombeni chumba cha chini. Chandarua: kishusheni chote, mwangalie kama kinafika chini ya godoro pande zote nne, vingi vimekatwa kwa kitanda cha futi nne na kuwekwa kwenye cha futi sita, na mbu huingia pembeni. Kwale ina malaria kama pwani yote, kwa hivyo chandarua kifupi kibadilishwe mchana huohuo, si usiku. La tatu ni komeo la dirisha. Nyani na tumbili wa hapa wanajua kufungua dirisha la kusukuma, na mkoba wenye ndizi hauchukui dakika mbili. Matunda yasilale chumbani wala ndani ya gari. Ndovu naye ananusa embe kutoka mbali.

Chakula kwa kawaida hupikwa kwa orodha moja ya siku, wala huwezi kuagiza chipsi saa tano usiku. Kwa familia ya Kiislamu, ulizeni mapema nyama inanunuliwa wapi na kama nguruwe inapikwa kwenye vyombo hivyohivyo. Loji nyingi za upande huu zina wapishi wa pwani na hili halina tabu, lakini jibu la "hakuna shida" lisiwatoshe. Jina la bucha ndilo jibu. Kibla ni rahisi: Makka iko takriban kaskazini kabisa ya hapa, basi dira ya simu inatosha hata pasipo mtandao. Asubuhi ya kwenda maporomoko, ombeni jikoni wawafungie mahamri, mayai ya kuchemsha na viazi, kwa kuwa kiamshakinywa cha mezani huanza mkiwa mmeshaondoka kuwatafuta palahala.

Plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki vinaweza kuzuiwa getini. Njooni na chupa ngumu au za chuma: lita moja na nusu kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto kwa matembezi ya maporomoko peke yake, na dumu la lita 20 likae garini. Nepi zilizotumika rudini nazo mjini kwenye mfuko wa kitambaa wenye bitana. Shimo la taka la msituni hufukuliwa na nyani siku hiyohiyo.

Wadudu wanastahili aya yao, kwa sababu ndio huharibu safari kuliko mvua. Mbu hawatishi ukilinganisha na mbung'o, nzi anayefyonza damu. Mbung'o wa Shimba huifuata gari inayotembea, huingia dirishani, na mdomo wake hupenya fulana nyembamba. Rangi ya buluu na nyeusi humvuta. Hata mitego ya kumkamata hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi jinzi za watoto na mabuibui meusi yabadilishwe kwa rangi ya udongo, kijani kibichi au kijivu. Dawa ya kupaka inayomfukuza mbu haimsumbui sana mbung'o. Fungeni vioo mkipita vichakani, mfungue mkifika kwenye nyasi penye upepo. Kupe hushika miguu kwenye nyasi ndefu: soksi ziwe juu ya suruali, na jioni kagueni nyuma ya magoti na kwenye nywele. Akishika, mvuteni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, polepole, bila kumsokota. Msimu wa kiangazi kuna pia upupu. Maganda yake yana nywele za rangi ya dhahabu zinazopeperuka, na mtoto atayataka kwa kuwa yanapendeza. Akiwashwa, asikune. Bandikeni plasta ya kunata kwenye ngozi na kuibandua, mara kadhaa, kisha osheni kwa maji mengi.

Maporomoko ya Sheldrick yana urefu wa zaidi ya mita 20, na njia yake ni kama kilomita 2 kutoka kituo cha kuangalia ndovu hadi chini. Yote ni mteremko, kwa hivyo kurudi yote ni mlima. Kushuka huchukua dakika 40; kupanda pamoja na watoto, hesabuni saa moja na zaidi. Mtoto wa miaka saba mwenye afya anaweza. Wa chini ya hapo abebwe mgongoni kwa leso kubwa iliyofungwa vizuri, wala si mabegani, kwa sababu matawi ya njiani ni ya usawa wa kichwa cha mtu mzima. Viatu viwe na meno. Ndara na viatu vya plastiki huteleza kwenye mawe yenye ukungu, na walioumia kifundo cha mguu huumia wakishuka, hawaumii wakipanda. Mtu mzima atangulie mbele ya mtoto penye mteremko mkali, ili akiteleza amwangukie yeye. Chini kuna kidimbwi cha kuoga; maji ni baridi na mawe yana utelezi, basi ingieni kwa kukaa na kujisogeza, si kwa kuruka. Msisimame chini ya maji yanapoangukia, hasa baada ya mvua, kwani hushuka na vijiti na mawe. Askari akisema turudi, rudini. Yeye husikia ndovu kabla yenu, na bila yeye hakuna ruhusa ya kutembea kwa miguu humu.

Mkikutana na ndovu mkiwa garini kwenye njia nyembamba ya msitu, msimzibie mapito. Rudini nyuma polepole, injini ikiwaka, watoto wakae na wanyamaze. Masikio yaliyotandazwa na mkonga ulioinuliwa ni onyo la kwanza, na kwa kawaida nafasi kidogo tu humtuliza.

Barabara ya lami kutoka Likoni hadi Kwale ni nzuri. Mnakata kulia Kombani. Ndani ya hifadhi ni ya changarawe na udongo mwekundu. Gari dogo la kawaida hupita kiangazi, yaani Januari hadi Machi na Julai hadi Septemba. Masika, kati ya Aprili na Juni, hata gari lililoinuka, lisilo la 4x4, hukwama kwenye mteremko, na kumwita mtu wa kukuvuta jioni ni gharama kuliko kukodi la 4x4 toka mwanzo. Wasio na gari wapande matatu ya Likoni–Kwale, kisha wamwombe mwenye loji awatumie gari. Bodaboda haiwasaidii ndani ya geti.

Tiketi zilipeni nyumbani kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa M-Pesa, mkiwa na mtandao mzuri. Geti halipokei pesa taslimu, na mtandao wa simu huko juu huja na kwenda. Watu wazima wachukue vitambulisho vya taifa na watoto nakala za vyeti vya kuzaliwa; asiye na karatasi anaweza kutozwa bei ya mgeni, ambayo ni kubwa mara kadhaa. Picha ya skrini ya risiti iwe kwenye simu mbili.

Tukiulizwa nini kiboreshwe kwenye loji hizi, ni maelezo kwa watoto. Msitu huu una sehemu kubwa ya mimea adimu ya Kenya, kuna mvule na mbambakofi ambazo mtoto hawezi kuzizungushia mikono hata akishikana na wenzake wawili, na bado katika loji nyingi hakuna kibao chenye jina la mti, wala mtu wa kuwatembeza watoto kwenye njia fupi iliyo salama ndani ya uwanja wa loji. Jioni wanaachiwa simu. Mkiweka nafasi, ombeni hasa mfanyakazi mmoja wa Kidigo au Kiduruma awatembeze watoto dakika 40 na kuwatajia miti na dawa zake. Wengi wao wanaijua, na hufurahi kuulizwa. Kubalianeni malipo yake mapema, na alipwe yeye mkononi.

Siku ya kurudi ondokeni kabla ya saa nane mchana ikiwa ni Jumapili, kwa sababu jioni magari ya Diani yote huangukia feri kwa pamoja. Wanaoishi Mikindani, Changamwe au Miritini wasihangaike na Likoni kabisa: barabara ya Dongo Kundu inaanzia Kibundani na kuwafikisha bara bila kugusa kisiwa.